Gemu ya aina ya Diablo inayochezeka kambini bila intaneti: Grim Dawn, Last Epoch, au ipi?

MpimaArdhi:

Wakuu, salaam. Nakuja kwenu mnaojua.

Mimi ni mpima ardhi na tunahamia kambini upande wa Chunya, tutakaa huko muda mrefu. Umeme ni wa jenereta, unawashwa magharibi unazimwa saa nne usiku. Mtandao upo ukipanda kichuguu nyuma ya jiko, na hata hapo unapata ujumbe wa maandishi tu, picha haifunguki. Laptopu yangu ina kadi ya picha ya GTX 1650, RAM GB 8, na nafasi iliyobaki kwenye diski ni kama GB 120.

Nataka gemu moja ya kunitosha. Ninazozipenda ni zile za Diablo: unatazama kutoka juu, unabofya, mazimwi yanalipuka, unaokota panga, unakuta limezidi lako kwa asilimia tatu, unafurahi kama mjinga. Diablo II niliicheza sana chuoni kwenye kompyuta ya mwenzangu wa chumba. Intaneti haikuwepo na wala hatukuiwaza. CD inaingia, gemu inafunguka.

Sasa naangalia za siku hizi, kila moja inaanza kwa kudai akaunti. Kuna jamaa kaniambia Diablo IV ukishaingia mtandaoni mara moja inatosha, ni kweli? Last Epoch wanasema ina oflaini, ni oflaini ya kweli au ya kwenye tangazo? Na kubwa zaidi: nikicheza peke yangu, kuna vitu nitanyimwa? Sitaki nihangaike miezi halafu niambiwe panga fulani ni la walio mtandaoni tu.

Niko Mbeya mjini mpaka Jumamosi na nilipofikia kuna fiber, kwa hiyo wiki hii kupakua si tatizo. Nikishapanda gari ndiyo basi tena.

KijanaWaSinza:

Mkuu usijichoshe. Tafuta Diablo IV iliyovunjwa, weka, maisha yaendelee.

FundiNgamiani:

Kijana wa Sinza, usimpoteze mwenzio. Diablo IV iliyovunjwa utaitoa wapi? Ukivunja mlango wa nyumba ambayo vyombo vyote viko kwa jirani, umeiba nini?

Mpima, karibu. Mimi ni fundi kompyuta hapa Tanga na gemu hizi ndizo ugonjwa wangu, kwa hiyo vumilia urefu.

Kabla sijatoa hela kwa gemu yoyote ya aina hii huwa najiuliza swali moja: zimwi likifa, nani anapiga hesabu ya kilichoanguka? Kompyuta yangu au kompyuta yao? Kwenye gemu za mpira mtandao ni wa kukutana na wapinzani. Hizi zetu ni tofauti, maana utamu wote uko kwenye ile bahati nasibu ya kuokota. Anayeishika bahati nasibu ndiye mwenye gemu.

Diablo IV tangu ilipotoka Juni 2023 bahati nasibu iko kwa Blizzard, wenye gemu. Mhusika wako anakaa kwenye seva zao, na kinachoanguka kinaamuliwa huko. Wewe unabaki na picha, sauti na ramani. Wenyewe wanataka uwaachie GB 90 kwenye diski. Kwa hiyo hapana, huwezi kuicheza bila mtandao hata dakika moja, hata kwenye PlayStation. Jamaa yako nadhani amechanganya na Diablo II: Resurrected ya 2021. Hiyo ndiyo ina wahusika wa oflaini, lakini lazima uanze kwa kuingia mtandaoni, na baada ya muda inataka tena ijihakikishie kuwa ni wewe. Kwa mtu wa kichuguu nyuma ya jiko, hiyo "baada ya muda" ni sentensi mbaya sana.

Na msidhani waliianza tabia hii bure bure. Diablo ya kwanza, ile ya mwisho wa 1996, mhusika alikaa kwenye kompyuta ya mchezaji. Mtu alimfungua kwa kiprogramu, akajipa silaha anayotaka, akaingia Battle.net, uwanja wa mtandaoni wa Blizzard, kuwatesa wenzake. Vitu vilirudufiwa hadi vikakosa thamani. Diablo II ya 2000 ikaja na dawa ambayo mpaka leo naiona ya kiungwana: wahusika wa aina mbili. Wa mtandaoni anakaa kwenye seva yao na hakuna wa kumchakachua. Wa nyumbani anakaa kwako, mfanye utakavyo, ila upande ule wa seva haingii. Kila mmoja na uwanja wake, hakuna ugomvi.

Mwaka 2012 ikaja Diablo III, uwanja wa nyumbani ukafutwa. Walisema ni kuzuia udanganyifu, na ni kweli kwa sehemu. Lakini pia walikuwa wanafungua soko la mnada la pesa halisi, na huwezi kuendesha mnada wa dola kama mtu anaweza kujitengenezea panga lilelile chumbani. Tarehe 15 Mei, siku ya kwanza, mamilioni ya watu walioshalipa wakakodolea macho maandishi ya Error 37 kwa sababu seva zilielemewa. Wakiwemo waliotaka kucheza peke yao, wasiomhitaji mtu! Mnada wenyewe ulifungwa Machi 2014. Sharti la mtandao kwenye kompyuta likabaki. Na kinachonikera mimi ni kwamba gemu hiyohiyo ilipotolewa kwa PlayStation 3 na Xbox 360 mwaka 2013 ilichezeka bila mtandao kabisa. Maana yake uwezo ulikuwepo.

Kuhusu kunyimwa vitu: kaka, hata hiyo Diablo II ya chuoni ilikunyima, hukujua tu. Pachi (sasisho) ya 1.10 ya mwaka 2003 ilileta maneno mapya ya runi, yaani vijiwe unavyopachika kwenye matundu ya silaha na vikipangwa sawa vinaipa nguvu ya pekee yenye jina lake, na mengi katika yale mazuri yalifanya kazi kwa walio kwenye ngazi ya mashindano ya Battle.net pekee. Wewe hosteli ungekusanya runi za Ral, Tir, Tal na Sol, ukaziweka kwa mpangilio sahihi kwenye silaha ya mpini mrefu yenye matundu manne, na Insight isingetokea. Ungepata faida ya kila runi mojamoja, basi. Spirit hivyohivyo, Infinity hivyohivyo. Yule Diablo mkali aliyejitokeza watu wakishauza pete za Stone of Jordan za kutosha, wa Battle.net tu. Kwenye pachi ya 1.11 wakaongeza mashetani wakubwa wa kuitwa kwa funguo, nao wa Battle.net tu. Vyote hivyo vilikuwa ndani ya mafaili uliyokuwa nayo! Ndiyo maana wachezaji wenyewe walitengeneza PlugY, modi ndogo ya kufungua kilichokuwa tayari kwenye diski yako. Resurrected ilipotoka, maneno yale ya zamani yakaruhusiwa oflaini, na dunia haikuanguka.

Kwa hiyo ukisikia gemu "ina oflaini", usiishie hapo. Kuna iliyo nzima kwako. Kuna iliyo nzima kwako lakini vyumba vingine vimefungwa. Na kuna ambayo oflaini yake ni ya kuombea ruhusa kila mara.

Kwa hali yako ningenunua Grim Dawn leo leo, tena kwenye duka la mtandaoni la GOG. Waliotengeneza ni Crate Entertainment, studio ndogo ya Marekani. Bosi wao, Arthur Bruno, alikuwa Iron Lore, waliotengeneza Titan Quest ya 2006, na injini ya Grim Dawn imetokana na ile. Pesa za kuimalizia zilichangwa na wachezaji Kickstarter mwaka 2012, gemu ikakamilika Februari 2016. Mhusika ni faili lako na bahati nasibu inapigwa kwenye laptopu yako. Hakuna msimu, hakuna duka la mavazi, hakuna akaunti ya kuingia ili kucheza. Unachagua fani moja, baadaye unaongeza ya pili, na mchanganyiko wa hizo mbili ndio unaokukosesha usingizi. Chukua na nyongeza zake, Ashes of Malmouth ya 2017 na Forgotten Gods ya 2019, maana zinaongeza fani tatu na mwisho wa ngazi unapanda hadi 100. Ukihofia kuwa ni ya zamani, pachi ya 1.2 ilikuja Novemba 2023 na iligusa karibu kila kona ya gemu. GTX 1650 itaiendesha inapiga mluzi.

Kwa nini GOG? Kwa sababu wanakupa mafaili ya kuwekea gemu, unayahifadhi kwenye diski ya nje, na hayaulizi mtu chochote siku ya kuyatumia. Laptopu ikifa kambini, unaazima nyingine, unachomeka diski, unaweka upya hapohapo bila nukta moja ya mtandao. Huko ndiko kutokuwa na DRM, yaani kufuli la kidijitali la muuzaji, kunakonihusu mimi. Siyo siasa, ni spea.

Last Epoch oflaini yake ni ya kweli. Wamerudia dawa ya Diablo II: unapounda mhusika unachagua wa mtandaoni au wa oflaini, na hawa hawachanganyiki. Siku toleo la 1.0 linatoka, tarehe 21 Februari 2024, seva zilizidiwa kama kawaida ya siku hizo, na waliochagua oflaini walikuwa wanaendelea kupiga mazimwi. Unachokosa ni biashara: chama cha wauzaji, Merchant's Guild, ni cha mtandaoni. Unabaki na Circle of Fortune, ambacho badala ya soko kinakuongezea bahati ya kuokota mwenyewe. Kwa mchezaji wa peke yake mimi nasema hicho ndicho bora. Ila inapitia Steam, duka jingine la mtandaoni lenye programu yake, na kwa kadi yako tegemea kushusha ubora wa picha.

Kama nafasi inabaki, tupia na Torchlight II ya 2012. Ilitengenezwa na Runic Games, wakiwemo ndugu wawili Schaefer walioanzisha Blizzard North yenyewe. Studio ilifungwa 2017 na gemu bado inafunguka kama kawaida. Ina LAN, yaani kuunganisha kompyuta zilizo jirani bila intaneti, ya watu sita. Ukipata mwenzako mwenye laptopu hapo kambini na waya mmoja, mnacheza pamoja bila kupanda kichuguu.

WaRongai:

Wadau, habari. Fundi nakuheshimu na umeeleza vizuri, lakini umeonyesha upande mmoja wa shilingi.

Mimi nacheza Path of Exile tangu nikiwa chuo. Ni ya Grinding Gear Games wa New Zealand, imetoka rasmi 2013, ni ya bure na ni ya mtandaoni tu. Kila baada ya miezi michache wanaanzisha ligi mpya, wote tunaanza sifuri, aliye Seoul na mimi hapa Rongai kwa wifi ya ploti. Wiki ya kwanza kila mtu ni maskini. Kitu kidogo ulichookota kina bei, na unasikia moyo ukidunda ukiona mtu amekuandikia anataka kukinunua. Hiyo raha haiwezi kuwekwa kwenye diski ya nje. Ukitoa seva, hakuna soko, na ukitoa soko, nusu ya gemu imeenda.

Pia kuna jambo ambalo watu wa oflaini hawapendi kulisema. Faili likiwa langu, najua naweza kulibadilisha. Nikifa kwenye hali ya kufa mara moja tu, najua nina nakala ya jana. Hata nisipoitumia, ile kujua tu kunapunguza uchungu, na uchungu ukipungua ushindi nao unapungua. Mtandaoni nikifa nimekufa, na ngazi 94 zimeenda.

Mpima kwa hali yake aende Grim Dawn, sina ubishi. Ila vijana wanaosoma hapa wenye intaneti nzuri wasidhani za mtandaoni ni wizi. Kuna vitu haviwezekani bila hizo seva.

FundiNgamiani:

WaRongai, la soko nakupa lote. Sikusema za mtandaoni zisiwepo. Path of Exile haikumdanganya mtu, toka siku ya kwanza walisema ni ya mtandaoni, na hawakukudai hela mlangoni. Ugomvi wangu ni na anayeniuzia hadithi ya mtu mmoja, bosi wa kupigana naye peke yangu, kwa bei kamili, kisha anadai mtandao nipigane naye.

La kufa sikupi. Unakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika siku moja? Tanzania tulikuwa kati ya walioumia sana, na nyie Kenya hamkupona. Wiki hiyo mhusika wako wa kufa mara moja angeuawa na samaki. Hata bila nyaya kukatika, sisi tuko mbali na seva nyingi. Unabofya kuruka, unaona umeruka, seva inasema hukuruka, na neno la seva ndilo la mwisho. Mimi uchungu wa kuuawa na zimwi naukubali. Wa kuuawa na waya siuoni utamu wake.

Halafu fikiria mwisho wa kila gemu, maana zote zina mwisho. Hellgate: London ilitoka 2007, imetengenezwa na watu waliotoka Blizzard North, ikiwa na upande wa mtandaoni wenye ada ya kila mwezi na upande wa kucheza peke yako. Kampuni ikafa, seva zikazimwa Januari 2009. Wenye diski waliendelea kucheza upande wa peke yao, ingawa vile walivyoongezewa waliolipia ada vilizama na seva. Sasa chukua Darkspore ya EA, 2011, nayo ni ya kuua mazimwi na kuokota vipande. Iliuzwa dukani kwenye boksi na ilidai mtandao hata ukiwa peke yako. Machi 2016 seva zikazimwa. Ile boksi leo ni boksi.

WakiliNjiro:

Nachangia kidogo upande wa sheria, maana neno "kununua" limetumika hapa mara nyingi.

Kwenye maduka mengi ya mtandaoni unacholipia ni leseni ya kutumia. California ilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika Januari 2025: duka haliruhusiwi kumwandikia mteja "nunua" bila kumwambia wazi kwamba anapewa leseni inayoweza kuondolewa. La kuvutia kwa mjadala huu ni kwamba sheria hiyo imewaacha nje wanaokupa mafaili ya kupakua na kuyahifadhi moja kwa moja kwa matumizi ya nje ya mtandao, kwa sababu hicho muuzaji hawezi kukirudisha. Ndiyo mafaili ya diski ya nje anayoyasema Fundi. Hata hapo bado ni leseni kimaandishi. Tofauti ni kwamba hakuna anayeweza kuja kambini Chunya kuifuta.

Ulaya nako, baada ya kampuni ya Ubisoft kuzima seva za gemu yake ya magari, The Crew, mwisho wa Machi 2024, ilianzishwa kampeni ya Stop Killing Games, na ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilivuka sahihi milioni moja mwaka 2025. Wanachodai ni kwamba kampuni ikiacha kuhudumia gemu iiache ikiwa inachezeka. Hawasemi seva ziendeshwe milele, ingawa wapinzani wao hupenda kuwasingizia hivyo.

Kwetu sijaona sheria inayogusa jambo hili moja kwa moja. Hapa kinga ya mteja ni kuuliza kabla ya kulipa.

KijanaWaSinza:

Haya, nimeelewa la Diablo IV. Ila Fundi, Steam si DRM ileile? Mbona watu wanacheza Steam bila bando?

FundiNgamiani:

Swali zuri. Steam inampa mtengenezaji kufuli, haimlazimishi alitumie. Kuna gemu ukishaipakua unaifungua moja kwa moja kwenye folda yake hata Steam ikiwa imezimwa, na kuna zinazokataa. Juu ya hapo wengine wanabandika kufuli lao la pili, au lancha yao (programu ya kufungulia gemu) yenye akaunti yake. Huwezi kujua kwa jina la duka, lazima uangalie gemu kwa gemu. Kwenye ukurasa wa gemu, upande wa kulia chini ya picha, soma kama kuna onyo la DRM ya mtu wa tatu au la kudai akaunti nyingine. Watu hawasomi hapo.

Kwa zile zinazopitia Steam yenyewe kuna hali ya oflaini. Inafanya kazi, lakini iandae ukiwa na mtandao: ingia, acha gemu imalize kujisasisha, ifungue angalau mara moja, ndipo uende oflaini. Wengi wanaolia ni wale waliozima mtandao wakati gemu bado inasubiri pachi. Mpima, ukichukua Last Epoch, hilo ni lako.

MpimaArdhi:

Wakuu, mmenisaidia kuliko nilivyotegemea. Hasa hilo la Insight limeniuma, maana nakumbuka kabisa tulikesha tunatafuta Sol.

Nimelipia Grim Dawn na nyongeza zote mbili GOG, kwa kadi ya mtandaoni ya simu, imekubali. Torchlight II nimeiweka pia, kuna dereva wetu naye ana laptopu. Last Epoch nimeiacha, nitaitafuta nikirudi mjini.

Sasa Fundi, nimepakua nakuta faili la setup ni dogo na pembeni kuna mengine yenye herufi za bin, makubwa. Yote ni ya kazi? Na jenereta yetu huzimwa bila taarifa, betri ya laptopu ni ya kuombea. Nikikatikiwa katikati ya pambano mhusika ataharibika?

FundiNgamiani:

Yote ni ya kazi. Wanayakata vipande visivyozidi GB 4 ili yaingie hata kwenye flashi za FAT32, mfumo wa zamani usiopokea faili kubwa zaidi ya hapo. Yaweke folda moja na setup yake, usiyabadilishe majina. Kila nyongeza ina setup yake. Anza na gemu yenyewe ndipo nyongeza. Nakili yote kwenye diski ya nje kabla hujaweka chochote, na diski hiyo isikae begi moja na laptopu.

Mhusika yuko kwenye Documents, ndani ya My Games, Grim Dawn, save. Gemu inajihifadhi yenyewe mara kwa mara, kwa hiyo umeme ukikatika kwa kawaida unapoteza kidogo tu. Lakini ukikatika sekunde ileile inapoandika, faili linaweza kuharibika. Nakili folda yote ya save kwenye flashi kila Jumapili. Folda nzima, usichukue mhusika peke yake, maana sanduku la kuhamishia vitu kati ya wahusika liko kwenye faili lake, transfer.gst, na humo ndimo utakapokuwa umeficha mali yote.

Halafu leo usiku, ukiwa bado Mbeya, zima wifi, zima laptopu, iwashe, fungua gemu. Ikikataa unayo fiber ya kurekebishia. Usiende kuijaribu Chunya.

MpimaArdhi:

Nimezima wifi, nimewasha upya, imefunguka bila kuuliza jina langu. Niko Devil's Crossing, kambi ya kuanzia, nimeanza na fani ya Soldier. Fani ya pili nachukua Shaman au Occultist?

WaRongai:

Shaman. Shika silaha ya mikono miwili, weka pointi kwenye Primal Strike, kila pigo ni radi. Usisikilize mtu wa Occultist.

FundiNgamiani:

Occultist, Mpima. Soldier na Occultist ni Witchblade, na ukifika kwa bosi Warden Krieg utanikumbuka. WaRongai rudi sokoni kwako.